Chupa ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Limetoka! Swali langu limetoka kwenye orodha. Namba arobaini na saba, ukurasa wa tatu, chini kabisa, karibu lidondoke nje ya karatasi. Litajibiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nimelisoma mara nne pale koridoni, nimeegemea ukuta kama mtoto aliyeona jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Makarani wa Bunge wamelipiga pasi, bila shaka. Mimi niliandika “kinamasi cha nyuma ya kituo cha afya”. Wao: “ardhioevu iliyo jirani na kituo cha kutolea huduma”. Mimi: “nusu yake imefukiwa kwa kifusi”. Wao: “imepungua ukubwa”. Imepungua! Kama mtu aliyekuwa anaumwa. Lakini mifupa imebaki. Serikali inalindaje kile kilichosalia, kiwanda cha ngozi kinamwaga wapi maji yake, na lini kituo cha afya kitapata maji ambayo mkunga anaweza kunawia mikono.

Miaka kumi na tisa nimezalisha wanawake pale. Alfajiri ukungu ulikuwa unainuka kwenye matete, unavuka uwanja, unaingia wodini bila hodi. Kuna asubuhi nilimpokea mtoto ndani ya ukungu ule na nikahisi ni wao wawili wamekuja pamoja. Leo nimekaa bungeni, feni zinazunguka, mtu anasoma takwimu za barabara — na mimi nauona ukungu unapita chini ya viti. Jirani yangu wa kiti, mzee wa vipindi vinne, amenigusa kiwiko. Amesema nisinzie kwa adabu kama yeye, macho wazi.

Baba Pacha, mume wangu, sijamwambia. Yeye ni mpima maji wa wizara hiyohiyo nitakayoiuliza. Siku niliyoapishwa tuliwekeana sharti: kazi inaishia kwenye rafu ya viatu, yake na yangu. Mwaka na nusu, hatujalivunja. Tunaongea habari za pacha wetu huko chuoni, lifti ya jengo, goti lake. Tunalala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Tumelivunja.

Chai ya asubuhi. Nikamuuliza kama sukari inatosha, akajibu kama anavyojibu kila kitu: “Kwa vipimo vilivyopo, inatosha.” Kisha akazungusha kijiko muda mrefu mno kwa mtu ambaye sukari yake inatosha.

“Kuna swali la mbunge fulani,” akasema. “Bosi kanipa mimi niandae majibu.”

“Mbunge gani?”

“Msumbufu tu.”

Tukatazama vikombe. Mimi ndiye niliyecheka kwanza, halafu yeye, halafu kicheko kikatuishia wote kwa pamoja. Akasema alimwomba bosi ampe mtu mwingine. Bosi akasema hakuna mwingine anayeyajua yale maji. Ni kweli, hakuna. Yeye kazaliwa kule. Kaogelea mle akiwa na miaka mitano.

Basi tumekubaliana upya. Hadi Alhamisi, hakuna hata neno moja. Yeye ataandika anachopaswa kuandika, waziri atakisoma, mimi nitakisikia pamoja na wananchi wengine.

Jioni amejifungia chumba kidogo na kompyuta. Nimekaa na kushona kifungo cha blauzi. Vidole vyake kwenye vibao vya herufi — manyunyu juu ya majani. Yanakuja, yanaacha, yanakuja. Swali langu linajibiwa nyuma ya ukuta, mita mbili kutoka kwenye sindano yangu, na mimi siruhusiwi kugonga.

Ijumaa, 7 Machi

Mnadhimu wa chama ameniita. Huyu ndiye anayehakikisha sisi wa chama kimoja tunanyanyuka pamoja na kukaa pamoja. Tunamwita Filimbi. Hapulizi kitu, anatazama tu.

Chai nzuri, biskuti nzuri. Amenisifia kitenge. Amesema swali langu ni zuri, zuri sana, ila waziri ana ratiba ngumu. Je, nisingependa majibu ya maandishi? Yanakuja ofisini kwangu ndani ya bahasha, nayasoma kwa nafasi yangu, miguu juu.

Nikasema napenda kusikia sauti ya waziri. Na ni kweli jamani! Waziri wetu ana sauti ya kumbembelezea mtoto. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Akianza kusema “mchakato unaendelea”, Bunge zima linalegea mabega, unahisi hata mchakato wenyewe umelazwa mahali salama na kufunikwa shuka.

Filimbi hakucheka. “Dada yangu,” amesema, “kiwanda kile kina watu mia tatu. Wanakupigia kura pia.”

Najua. Wengine nimewazalisha mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka jimboni sasa hivi. Vumbi bado liko masikioni.

Niliondoka jana alfajiri. Nikalala kwa wifi, mdogo wake Baba Pacha, ambaye ndiye mkunga wa kituo tangu mimi niondoke. Kitanda kilekile cha zamu, dirisha lilelile. Niliamka saa kumi na mbili nikasubiri ukungu. Ulikuja, lakini mwembamba, kama shuka iliyofuliwa mara nyingi. Ulifika katikati ya uwanja ukakaa. Upande wa kushoto palipokuwa na matete pana uwanja wa malori. Udongo mwekundu, umeshindiliwa, tambarare. Korongo mmoja alikuwa amesimama juu yake, mguu mmoja juu, anatazama chini kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Nilikaa pale nikimtazama hadi chai ikapoa. Nadhani tulikuwa tunawaza jambo moja.

Kisha kazi. Wifi alifungua bomba la kisima cha kituo akakinga kwenye bakuli jeupe. Maji si machafu. Hilo ndilo linalotisha — ni mazuri, yana rangi ya asali ya mbali sana, ukiyaangalia kwa haraka huoni. Akaninusisha. Kitu kama kiatu kipya.

Wajawazito wanakuja kujifungua na madumu. Nimewaona wawili, mmoja uchungu umeshaanza, anasimama, anatua dumu, anashika kiuno, anajitwika tena. Tangazo limebandikwa mlangoni kwa mwandiko wa wifi: NJOO NA MAJI YAKO LITA ISHIRINI. Wodini kuna binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wake ana siku nane na ngozi ya tumboni imebabuka. Mama mkwe wake alikuja kumsaidia, alichota bombani hakujua. Akaniuliza kwa heshima kabisa kama ni kosa lake.

Nikasema hapana mama, si lako.

Ndipo wifi akanivuta nyuma ya stoo.

“Kaka hajakwambia kitu?”

“Kuhusu nini?”

“Alikuja Januari, wifi. Yeye mwenyewe na kijana wa maabara. Walipima kinamasi chote. Chupa saba. Nilizihesabu, ziliwekwa pale kwenye kizingiti zikauke lebo. Sita za huko nje, ya saba ya kisima chetu hiki. Akanywa chai yangu, hakusema kitu. Wakati wa kuondoka ndiyo akaniambia: ‘Dada, msichemshe. Kuchemsha hakusaidii. Kingeni ya mvua.’”

Nikamwambia hatuongei kazi nyumbani. Alinitazama!

“Mnalala kitanda kimoja na hamwambiani?”

Nilitaka kusema kwamba ndivyo tulivyoamua, kwamba ni heshima, kwamba ndiyo njia pekee watu wawili kama sisi wanaweza kula meza moja. Yote ni kweli. Lakini mbele ya yule binti na mtoto wake yalikuwa maneno mepesi kama vumbi la unga.

Saa nne za barabara kurudi. Nimehesabu njia nzima. Si kilomita. Moja, mbili, tatu, hadi saba, kisha naanza upya.

Jumatatu, 10 Machi

Alfajiri nimeota nimesimama bungeni na zulia lina maji, yamefika kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu, matulivu. Hakuna aliyeshtuka. Spika alikuwa ameshika viatu mkononi.

Baba Pacha ameniuliza dada yake hajambo. Nimesema hajambo. Ameuliza mvua kule zinanyesha? Nimesema kidogo.

Akatikisa kichwa. “Kidogo haitatosha,” akasema, akaenda kuvaa.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike yote kabla hayajachuja.

Saa tatu asubuhi. Ukumbi baridi, mashine za hewa zinanguruma taratibu, ile sauti inayokufanya uone kila kitu kama kiko ndani ya kioo. Namba arobaini na tano: madaraja. Arobaini na sita: chanjo za mifugo. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na ilionekana kama mikono ya mtu mwingine, mtu mzima, aliyeketi vizuri.

“Namba arobaini na saba.”

Nikasimama, nikaomba swali langu lipatiwe majibu. Nikakaa. Waziri akasimama.

Sijui nisemeje jambo hili. Nilimsikia mume wangu. Sauti ya waziri, ile laini, lakini maneno — yale ni ya Baba Pacha! “Katika msimu wa maji machache, mtiririko hupungua na kinamasi hushindwa kuchuja kama kilivyozoea.” Nani mwingine serikalini anasema kinamasi kimezoea? Aliwahi kuniambia hivyohivyo kabla hatujaoana, tukiwa tumekaa kwenye mwamba, miguu ndani ya maji. Nikaanza kutabasamu peke yangu pale, mbele ya kamera. Ilikuwa kama kusomewa barua ya mapenzi na mtu baki.

Halafu ikaja sentensi nyingine. “Vipimo vya sampuli zote sita vimeonyesha maji yako ndani ya viwango. Hivyo wananchi wasiwe na hofu.”

Hiyo haikuwa yake. Baba Pacha hajawahi kumwambia mtu asiwe na hofu. Hata mimi nilipokuwa leba na pacha, aliniambia tu kwamba daktari anaonekana kuijua kazi yake.

Na sita! Wifi alihesabu chupa saba.

Waziri akaketi. Spika akaniuliza kama nina swali la nyongeza. Hapo ndipo nilipopotea kidogo. Nimeambiwa ilikuwa sekunde chache. Kwangu ilikuwa asubuhi nzima. Nilimwona wifi na bakuli jeupe. Nilimwona yule binti. Nilimwona Baba Pacha akifungasha vitu vyake mezani ofisini, polepole, kalamu kwa kalamu, kwa sababu nikisema saba watajua, na wakijua watamtazama yeye. Nani mwingine analala na mbunge? Ningeweza kuuliza tarehe. Ningeweza kuuliza mpango wa kupanda miti. Miti haimfukuzishi mtu kazi.

Jirani yangu akanong’ona bila kugeuka: “Mama, kaa au sema. Usisimame kama nguzo.”

Nikasema. “Mheshimiwa Spika, chupa zilizochukuliwa zilikuwa saba. Ya saba ilitoka kwenye kisima cha kituo cha afya, ambako watoto wanaogeshwa. Naomba Mheshimiwa Waziri atuambie, ya saba iko wapi?”

Vichwa vilivyokuwa vimesinzia vikainuka. Waziri alifungua faili, akafunua, akafunua. Nyuma yake maofisa wa wizara kwenye viti vyao waliinama wote kama upepo umepita. Baba Pacha hakuwa miongoni mwao, nashukuru. Mwisho waziri akasema, na sauti ilikuwa bado nzuri lakini imepungua kitu, “Naomba nilichukue nikalifanyie kazi.”

Spika akasema hapana. Lipelekwe kwenye kamati ya mazingira, Jumanne, na wizara ije na vipimo vyote.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira.

Jioni, nyumbani. Amefika kabla yangu, anapiga pasi mashati. Amepiga matano. Anayo matano tu, alikuwa ameanza tena la kwanza.

“Nani alikuambia ni saba?”

“Mtu aliyeziona.”

“Dada yangu.” Hakuuliza, alisema. Akageuza kola. “Niliandika saba. Ilikwenda juu na saba, ikarudi na sita.”

Mvuke wa pasi ulikuwa umejaa kati yetu. Nikasema sikujua nifanye nini, nilihofia watamsingizia yeye.

“Ungeniuliza.”

“Tulikubaliana tusiulizane.”

“Ndiyo,” akasema. “Tulikubaliana.” Akaning’iniza shati. Alikuwa mpole kabisa na ndiyo maana nililia bafuni na bomba nimelifungua.

Ijumaa, 14 Machi

Amepewa barua ya kujieleza. Siku tatu za kazi. Kosa: kutoa taarifa za ofisi kwa mtu asiyehusika. Mtu asiyehusika ni mimi!

Ameileta ndani ya begi, ameipita rafu ya viatu, ameiweka mezani kati ya chumvi na maua ya plastiki. Tukala pembeni yake kana kwamba ni mgeni asiyejisikia kula.

Jumapili, 16 Machi

Tumetembea bustani ya manispaa. Wazo lake. Saa nne asubuhi, jua la upole, mafundi wanapaka rangi mabenchi kwa hiyo hakuna pa kukaa, tulizunguka tu. Mara tatu, mara nne. Kuna bwawa dogo la saruji, maji ya kijani, bata wawili. Akachutama pale ukingoni akatia kidole, akanusa. Mazoea.

Nikamuuliza yakoje.

“Haya yamekufa zamani,” akasema. “Lakini yamekufa kwa amani.”

Nilicheka hadi nikamshika bega. Miaka ishirini na mbili naishi na mtu huyu na huwa anasema jambo moja la namna hiyo kwa mwaka. Kisha akaanza kunisimulia, bila kuulizwa, alivyokaa na ile chupa ya saba. Aliibeba yeye mwenyewe kwenye mapaja njia nzima, hakutaka igongwegongwe. Maabara waliipima mara mbili kwa sababu hakuamini. Dawa ya kulainishia ngozi za ng’ombe, akasema, haijui kwamba ngozi nyingine ni ya mtoto. Alipanga kumwambia dada yake zaidi ya yale aliyomwambia. Alishindwa. Alijiambia ripoti itasema kwa niaba yake.

“Nimezoea kuandika,” akasema. “Ukishaandika unaona kama umeshasema.”

Tukatembea mzunguko mwingine. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Watu wakapita na mtoto kwenye baiskeli, mbwa, mwanga kupitia majani ukawa unatupakapaka madoa mepesi usoni, na kwa muda fulani sikukumbuka barua, wala kamati, wala siku ya wiki. Nilikuwa tu ninatembea na kijana mmoja mpima maji ambaye nilitaka aniulize kama nitakuja tena kesho.

Barua hajaijibu. Nimeiona. Karatasi tupu juu yake, tarehe tu.

Jumatatu, 17 Machi

Filimbi tena. Hakuna biskuti leo.

Amesema mambo yanaweza kuwa mepesi. Kesho kwenye kamati niseme kwamba nilipewa habari isiyo sahihi na mwananchi fulani, hesabu ilichanganywa, sita ikasikika saba, binadamu tunakosea. Wizara itaahidi kisima kipya cha kituo, ndani ya mwaka. Kiwanda kitaandikiwa kiangalie taratibu zake. Na ile barua ya “mwenzako” itapotea kwenye faili.

“Kila mtu anapata kitu,” akasema.

Nikamuuliza ndani ya mwaka kituo kitazalisha watoto wangapi. Hakujua. Mimi najua: mia nne, mia nne na ishirini. Lakini sikumwambia, na sikukataa. Niandike ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma — sikukataa. Nilisema nitalala nalo. Nikatoka nikasimama kwenye ngazi, na jiji lilikuwa jeupe kwa joto, magari yanaelea, na nikajiona nikisema yale maneno kesho. Nasema ulimi uliteleza. Ni rahisi ajabu. Kila mtu anatabasamu. Baba Pacha anarudi ofisini kwake penye dirisha. Ndani ya ile picha nilikuwa mnene na nimevaa hereni.

Nyumbani nimemweleza yote. Yote, kama yalivyo, nikiwa nimesimama bado na mkoba. Ni mara ya kwanza nimeleta kazi yangu hadi kwenye meza. Alikuwa anasugua viatu. Alisikiliza, brashi inakwenda na kurudi, na nilipomaliza brashi ikaendelea.

“Kisima kipya watakichimba wapi?” akauliza.

“Hawakusema.”

“Wakichimba palepale kitanywa maji yaleyale.” Akapulizia kiatu. “Kamati inaanza saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Mimi nimeitwa saa nne na nusu.”

Nikakaa. Alikuwa ameitwa tangu Ijumaa! Shahidi wa kitaalamu. Wizara inampeleka yeye akatetee sita, kwa sababu ndiye aliyepima, na akitetea sita barua itakuwa haina kazi. Akisema saba —

“Utasema nini?” nikamuuliza.

Akanyanyua kiatu kwenye mwanga, akakiangalia vizuri sana, ncha ya mbele, kisigino. “Sijui,” akasema. “Ninaogopa, Mama Pacha.”

Sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Nikakichukua kile kiatu mkononi mwake. Jua lilikuwa linazama upande wa mabati ya jirani na chumba kizima kilikuwa cha rangi ya machungwa. Tukakaa hivyo, bila kuwasha taa, hadi rangi ikatoka.

Jumanne, 18 Machi

Koridoni. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, daftari magotini. Saa tano kasorobo.

Ilikuwa hivi. Saa nne tulifungua. Mwenyekiti, mama mmoja mwanasheria, mkavu lakini wa haki, akasoma utaratibu. Filimbi alikuwa amekaa nyuma, si mjumbe, mgeni tu. Akanikonyeza kidogo kama jamaa wa siku nyingi. Waziri akarudia kwamba wananchi wasiwe na hofu. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema kuhusu kauli yangu ya Alhamisi.

Nikasema sina la kubadilisha. Ni saba.

Nilisikia baridi nzuri, ile ya alfajiri.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa akaingia yeye. Shati la bluu. Viatu vinang’aa. Faili kwapani na mfuko wa karatasi mkononi. Akatafuta kiti cha shahidi kwa macho kama mtu aliyeingia msikitini au kanisani katikati ya ibada. Akanitazama, akainamisha kichwa. “Mheshimiwa,” akasema. Kwangu! Na hakuwa anatania.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mjumbe yeyote mwenye uhusiano na shahidi. Nikawasha kipaza sauti. Nikasema: ni mume wangu, miaka ishirini na mbili. Chumba kikanong’ona. Mwenyekiti akashukuru, akasema kwa kanuni naombwa nitoke hadi shahidi amalize.

Nilikusanya karatasi zangu. Ilinibidi nipite nyuma ya kiti chake. Nilitaka kumgusa bega. Sikumgusa. Aliweka ule mfuko mezani na ulitoa mlio wa kioo.

Mlango ni mzito, wa mbao, maneno hayapiti. Sauti tu. Kwanza ya mwenyekiti, fupi. Kisha ya waziri, ile ya kubembeleza. Kisha kimya kirefu hata nikahesabu vigae vya sakafu hadi mwisho wa korido, thelathini na mbili, vitatu vimepasuka. Mlinzi pale dirishani anakula karanga. Mwanga umelala sakafuni mrefu kama mto usio na haraka.

Halafu imeanza sauti yake.

Nasikiliza. Chini, ya taratibu, haipandi. Siwezi kujua anasema nini — sita, saba, samahani. Najua tu kwamba hajasimama. Dakika tano. Kumi. Mume wangu hajawahi kuongea dakika kumi mfululizo, hata siku ya kutoa posa aliongea mjomba wake. Mtu mwingine amejaribu kuingilia, sauti kali, Filimbi labda ingawa haruhusiwi. Yake ikanyamaza kidogo. Ikaendelea.

Dakika kumi na nane sasa. Nimeweka kiganja kwenye ubao wa mlango. Unatetemeka kidogo sana, kama ubavu wa mnyama aliyelala.

Mlango umefunguliwa. Si yeye, ni karani. Amefunga haraka nyuma yake, nimeona tu kona ya meza na watu wameinuka vitini, wameinama, wanaangalia kitu.

“Shahidi anataka kuchora,” ameniambia. “Kinamasi chote, na bomba la kiwanda linapopita. Kalamu yake imeisha wino. Huna moja, mheshimiwa?”

Ninayo hii tu ninayoandikia.